Maarifa ya Jikoni: Moto wa soda unatoka wapi?

 

Siku ya Posho iliyopita nilikuwa katika parsele moja ambako wamama wa kikundi wanatengeneza sabuni. Mafuta ya mawese yalikuwa yamepimwa, vibao vya kumiminia vilikuwa tayari, na mawingu yalikuwa yanashuka mlimani. Dada mmoja, mwanachama mpya, aliona mvua inakuja akafanya haraka. Alichukua beseni lenye soda kostiki kavu, akamimina maji juu yake kwa mara moja. Tukasikia mlio kama wa mafuta ya moto yaliyotiwa samaki mbichi. Maji yakaruka. Tone moja likamfikia kwenye nyusi, na jingine likaingia jichoni.

Tulimshika, tukamwinamisha kichwa, tukafungua jicho kwa vidole na kulimwagia maji safi mpaka bidoni la lita 20 likaisha, tukaongeza la pili. Kisha tukampeleka kituo cha afya. Namshukuru Mungu, anaona vizuri. Lakini jioni, akiwa amelala na kitambaa usoni, aliniuliza: "Mama, maji yalikuwa ya baridi, nimeyateka bombani mwenyewe. Soda nayo ilikuwa baridi. Sasa huo moto ulitoka wapi?"

Swali hilo sikutaka kulijibu kwa maneno mawili. Anayejua moto unatoka wapi anajua pia namna ya kuuzuia. Basi leo tuongee juu ya chumvi na maji: kwa nini moja inayeyuka na kuacha maji yakiwa baridi, nyingine inayachemsha, na nyingine inakataa kabisa kuyeyuka.

Hesabu ya mtaji na marudio

Chumvi ya kupikia ukiitazama ni punje nyeupe tu. Ndani ya kila punje mna vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vya aina mbili: sodiamu na kloridi. Aina moja ina umeme wa kujumlisha, nyingine ina umeme wa kutoa, na kwa hiyo vinavutana na kushikana kwa nguvu sana, kimoja hapa, kingine pale, kwa mstari kama matofali ya ukuta. Ndiyo sababu chumvi ukiiweka kwenye sufuria kavu juu ya makala hata saa nzima, haiyeyuki. Inahitaji joto la digrii 801 ili igeuke kimiminiko, na mbabula wa nyumbani hauwezi kuifikisha chumvi hapo.

Lakini maji ya baridi yanaimaliza kwa dakika mbili. Yanaweza kwa sababu maji nayo yana pande mbili za umeme. Upande mmoja unavuta sodiamu, upande mwingine unavuta kloridi. Vipande vya maji vinakizunguka kila kipande cha chumvi pande zote, vinakikumbatia, na kukitoa ukutani.

Sasa tufanye hesabu kama tunavyofanya katika likelemba. Kubomoa ukuta kunahitaji mtaji, yaani nguvu. Maji yanapokumbatia vipande, nguvu inarudi. Wataalamu wamepima. Chukua gramu 58 na nusu za chumvi ya kupikia, ambazo ni zaidi kidogo ya vijiko 3 vya mezani. Kuitenganisha yote kunahitaji kama kilojuli 787. Maji yakishaikumbatia yote yanarudisha kama 783. Pengo ni kilojuli 4 hivi tu.

Hizo 4 zinazokosekana zinatoka wapi? Zinatoka katika maji yenyewe. Chumvi inakopa joto kidogo la maji, na maji yanapoa. Ukitia gramu 100 za chumvi katika lita 1 ya maji na kukoroga, maji yanapoa kama digrii moja na nusu. Mkono wako hausikii, lakini kipimajoto kinaona.

Soda kostiki ina hesabu nyingine. Ukuta wake nao unahitaji mtaji mkubwa, ila maji yanaikumbatia kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba marudio yanapita mtaji. Gramu 40 za soda zikiyeyuka katika maji mengi zinaacha ziada ya kilojuli 44. Kilo moja basi inatoa kama kilojuli 1100. Joto hilo linatosha kuchukua lita 3 za maji ya baridi na kuzifikisha kwenye kuchemka, bila kipande kimoja cha makala.

Hapo ndipo moto ulikotoka, dada yangu. Haukuwa ndani ya maji peke yake wala ndani ya soda peke yake. Ulitoka katika mkumbatio wao.

Kwa nini soda ndani ya maji, si maji juu ya soda

Joto ni lile lile, lakini linagawanywa namna tofauti. Ukitia soda kidogo kidogo ndani ya ndoo ya maji, joto la kila kijiko linasambaa katika maji yote, na maji yanapanda polepole. Ukimimina maji juu ya soda, yale maji machache ya kwanza yanakutana na soda nyingi. Joto lote linaangukia maji kidogo, yanachemka mara moja, na mvuke unarusha soda usoni. Mtu mmoja kubeba mzigo wa watu ishirini lazima aanguke.

Basi kila kikundi cha sabuni kiandike haya kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani:

Kwanza maji, halafu soda, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mti mrefu.

Maji yawe ya baridi. Usitumie maji ya vuguvugu kwa kutaka soda iyeyuke haraka, kwa sababu joto lake mwenyewe linakuja.

Chombo kiwe cha plastiki ngumu au cha inoksi. Usitumie kamwe sufuria ya aluminyumu. Soda inaila aluminyumu na kutoa gesi inayoweza kushika moto.

Fanyieni nje, penye upepo, na simameni upande unakotoka upepo. Vaeni miwani, glovu, na nguo ya mikono mirefu. Watoto wasikaribie.

Baada ya kuyeyusha, acheni mchanganyiko upoe. Usiusogeze ukiwa bado na moto.

Soda inayobaki ifungwe kwa kifuniko kinachobana. Inapenda maji hata kuyavuta kutoka hewani, na ukiiacha wazi usiku mmoja wa mvua utaikuta imelowa na imeanza kuharibika. Iwekwe juu, chini ya kufuli, na jina lake liandikwe. Maji ya soda yasiwekwe kamwe katika chupa ya limonade au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma harufu.

Soda ikikugusa ngozi, vua nguo iliyolowa na kuosha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, fungua jicho na kuliosha vivyo hivyo, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua. Usipake limau, siki, mafuta wala dawa ya meno. Limau na siki vikikutana na soda vinatoa joto jingine juu ya kidonda. Mtoto akiimeza, msimlazimishe kutapika, kwa kuwa itachoma koo mara ya pili. Msafishe mdomo kwa maji, na kimbieni hospitali.

Kama hesabu ina hasara, chumvi inakubalije kuyeyuka?

Mama msikivu ataniuliza: wewe umesema chumvi ya kupikia inapata hasara ya kilojuli 4. Nani anafanya biashara ya hasara kila siku?

Jibu ni kwamba nguvu si hesabu peke yake. Kuna jambo la pili, nalo ni kutawanyika. Angalieni watoto kengele ya shule inapolia saa sita. Walikuwa wamepangwa mstari darasani. Mlango ukifunguliwa, hakuna anayewalipa ili watawanyike, tena hakuna aliyewahi kuwaona wakijipanga mstari wenyewe barabarani. Vitu vidogo visivyoonekana vina tabia hiyo hiyo. Vikiwa huru, vinasambaa. Chumvi inakubali hasara ndogo ya joto kwa sababu inapata uhuru mkubwa wa kutawanyika.

Kwa hiyo mambo mawili yanapimwa pamoja kwenye mizani moja: nguvu inayoingia au kutoka, na kutawanyika. Hasara ikiwa ndogo, kutawanyika kunashinda. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mbolea ya urea mnayotia bustanini. Kitaalamu urea si chumvi, lakini hesabu yake inafanana. Ukiiyeyusha nyingi katika ndoo, utasikia ndoo inakuwa baridi mkononi kabisa. Inakopa joto jingi, hata hivyo inayeyuka. Wape maji muda yarudishe joto lake, koroga tena, ndipo umwagilie.

Chokaa inafundisha upande wa pili. Chokaa ya kupaka ukuta inapoyeyuka inatoa joto kidogo, kwa hiyo mtu angefikiri itayeyuka kwa furaha. Lakini haiyeyuki vizuri. Lita 1 ya maji ya baridi inapokea gramu 1,7 tu. Kipande chake cha kalisi kina umeme wa mara mbili. Kinayashika maji yanayokizunguka kwa nguvu na kuyapanga mstari, na maji hayo yanapoteza uhuru wao. Chokaa inatawanyika, ila maji yanafungwa. Mizani haikubali.

Je, maji ya moto yanasaidia?

Wengi wetu tunaamini maji ya moto yanayeyusha kila kitu zaidi. Si kweli kila mara. Tutenganishe maneno mawili: haraka na kiasi. Joto linaharakisha karibu kila kitu kuyeyuka. Lakini kiasi ambacho maji yanaweza kubeba mpaka yashibe ni habari nyingine.

Maji gramu 100 ya baridi ya kawaida yanashiba kwa gramu 36 hivi za chumvi ya kupikia. Yakichemka, yanashiba kwa gramu 39. Tofauti ni ndogo kwa sababu hasara yake ya joto ni ndogo. Sukari, ambayo si chumvi, ni tofauti sana. Maji yale yale yanabeba kama gramu 200 yakiwa baridi, na karibu gramu 490 yakichemka. Ndiyo sababu sirapu nzito inapoa na kuacha punje za sukari chini.

Chokaa inakwenda kinyume. Ile lita iliyobeba gramu 1,7 ikiwa baridi, ikichemka inabeba kama 0,7 tu. Iliyozidi inaanguka chini.

Mfaransa Henry Le Chatelier alieleza jambo hili mwaka 1884, na wanafunzi wetu wa sekondari wanalijua jina lake. Kwa lugha ya jikoni: maji yanapokaribia kushiba, kitu kinachokopa joto ili kiyeyuke, ukikipa joto unakisaidia. Kitu kinachotoa joto kikiyeyuka, ukiongeza joto juu yake unakisukuma nyuma.

Na lile ganda jeupe ndani ya birika? Linafanana na habari ya chokaa, ingawa kuna gesi ndani yake. Maji ya chemchemi nyingi yanabeba mawe ya chokaa yaliyoyeyuka kwa msaada wa gesi ile ile inayopanda kwenye bia. Ukichemsha, gesi inatoka, jiwe linakosa msaidizi wake, linagandamana na chuma. Si uchafu wala ugonjwa. Tia maji yenye limau, chemsha kidogo, acha usiku, asubuhi sugua.

Makayabu, SRO, na makala yanayopotea bure

Sasa tutumie maarifa haya nyumbani.

Makayabu kwanza. Nimeona wamama wakichemsha samaki huyu wa chumvi mara mbili, mara tatu, ili kutoa chumvi, makala yanakwisha na samaki anavunjika. Kumbukeni: maji ya baridi yanabeba chumvi karibu sawa na ya moto. Yanachohitaji ni muda. Katakata vipande, loweka usiku katika maji mengi ya baridi, na mwaga maji hayo na kuweka mengine mara mbili au tatu. Kubadilisha maji ndiyo siri, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hayavuti tena vizuri. Kiangazi kikiwa kali, weka chombo mahali pa baridi na pafunikwe.

Pili, unga wa SRO kwa mtoto anayeharisha. Pakiti ya kipimo cha kisasa, kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, ina gramu 20,5 kwa lita 1 ya maji: chumvi ya kupikia, chumvi ya potasiamu, sitrati, na sukari ya glukosi. Vyote vinayeyuka kabisa katika maji ya baridi. Chumvi ya potasiamu inakopa joto kidogo, lakini mtoto hatalisikia. Maji tunayachemsha kwa kuua vijidudu, si kwa kuyeyusha unga. Basi chemsha maji kwanza, yafunike, yaache yapoe, pima lita 1 kamili, tia pakiti nzima, koroga mpaka yawe meupe kama maji. Usiuchemshe mchanganyiko baada ya hapo. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki yote, na dawa inakuwa kali. Dawa kali inavuta maji kutoka mwili wa mtoto badala ya kumpa. Kwa sababu hiyo hiyo, usitie pakiti nzima katika nusu lita kwa kufikiri itaponya haraka. Baada ya saa 24 mwaga iliyobaki na kutengeneza mpya.

Kama pakiti haipo, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Nusu, si kijiko. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Na bado nendeni kituo cha afya, hasa mtoto akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa.

Tatu, kupata chumvi tena kutoka majini. Kuyeyusha chumvi hakugharimu karibu kitu, lakini kuyafukuza maji kunagharimu sana: lita 1 iliyokwisha kuchemka inahitaji bado kama kilojuli 2260 ili igeuke mvuke yote. Ndiyo maana pale Uvinza, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako chumvi ilitengenezwa kwa kuchemsha maji ya chemchemi, miti mingi iliingia motoni. Na pale Katwe, Uganda, karibu na mpaka wetu wa Kasindi, watu wanaliachia jua kazi hiyo. Jua halidai likelemba.

Kazi ya juma hili

Katika mkutano wenu, chukueni vikombe viwili vya maji ya baridi. Kimoja tieni kijiko cha chumvi, kingine kijiko cha sukari, mkoroge, kisha mwongeze kijiko kimoja kimoja mpaka punje zianze kubaki chini. Hesabuni vijiko. Kisha rudieni kwa maji ya moto. Waiteni watoto wahesabu pamoja nanyi, wavulana na wasichana. Soda msiitumie kwa mchezo huu.

Dada yetu amerudi kwenye kikundi. Jana alikuwa amevaa miwani kubwa ya mafundi wa kuchomea vyuma, wenzake wakamcheka, naye akacheka pia. Ndiye aliyepewa sasa kazi ya kuyeyusha soda. Anapima maji kwanza, anaweka ndoo chini, anawaambia wote wasogee nyuma, halafu ndipo anafungua mkebe.

Leteni maswali yenu kwa mwandishi wa kikundi chenu kabla ya siku ya mkutano. Tukutane juma lijalo, na Mungu awalinde macho na mikono.